Wako Mtiifu

Mimi mtu akiniita mpendwa kwa maandishi, nashika mfuko kwanza. "Mpendwa mteja, salio lako halitoshi." "Mpendwa mzazi, mwanao hatafanya mtihani mpaka ada ikamilike." Mke wangu mwenyewe hanipendi kiasi hicho.

Ugonjwa huu wa zamani. Waingereza enzi hizo ofisa akikuandikia barua, hata ya kukufukuza kazi, chini anajiita mtumishi wako mtiifu. Wakaja nayo huku, wakaondoka wakatuachia. Shuleni tukaikariri: anwani kulia, Yah, mstari chini, wako mtiifu. Ukisahau utiifu, maksi zinakatwa.

Lakini kwa unafiki huo Marekani walitia fora. Mwaka 1804 makamu wa rais, Aaron Burr, alikwaruzana na Alexander Hamilton, aliyekuwa waziri wao wa fedha wa kwanza. Umenisema vibaya, jieleze. Sijielezi. Barua zinakwenda, zinarudi, na chini kila mtu anamwambia mwenzake anayo heshima ya kuwa mtumishi wake mtiifu! Tarehe 11 Julai watumishi hao wakavuka mto Hudson kutoka New York mpaka Weehawken, wakapigane kwa bastola. Burr akamtandika mwenzie risasi ya tumbo. Kesho yake Hamilton akafa. Utumishi huo!

Ndiyo maana mimi sigombani na makonda. "Mzee, sogea nyuma, gari siyo ya baba yako." Basi, nasogea. Hapo hakuna mpendwa wala mtiifu, na nauli ni ileile.

Sasa juzi mwenye nyumba kaniletea barua ya kuchapa. Yah: Kupanda kwa kodi ya pango. Chumba kilikuwa laki moja, sasa laki na nusu, miezi sita kwa mkupuo, nikishindwa nimwachie chumba chake. Chini, juu ya saini iliyojikunja kama mnyoo: Wako mtiifu.

Mtiifu yupi? Choo kimeziba tangu kabla ya mfungo, kila nikimwambia, "tutaangalia." Nikimtuma vocha dukani atakwenda huyo?

Nikamjibu kwa barua, Yah yangu nimeipiga mstari kwa rula. Kodi mpya sina, choo kizibuliwe kabla ya Ijumaa. Saini nikaweka: Bwana wako, mpangaji wa chumba cha uani. Si kajiita mtumishi mwenyewe?

Jioni ikaingia meseji, safari hii utiifu hamna: "Hama."