Lore Segal na treni ya watoto: wazazi walioachwa nyuma

Maisha ya mwandishi Lore Segal, aliyefariki New York Oktoba 2024 akiwa na miaka 96, yamebeba hoja mbili zinazopingana. Alizaliwa Vienna mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi, binti wa mhasibu wa benki. Wanazi walipoitwaa Austria Machi 1938 baba alipoteza kazi, na Desemba mwaka huohuo mtoto huyo wa miaka kumi alipandishwa treni ya kwenda Uingereza, katika mpango wa Kindertransport wa kuwatoa watoto, wengi wao Wayahudi, mikononi mwa Wanazi. Wazazi hawakuruhusiwa kwenda naye. Baadaye akawa mwalimu wa uandishi katika vyuo vikuu vya Marekani, mwandishi wa riwaya na mtunzi wa vitabu vya watoto.

Je, kuwachukua watoto na kuwaacha wazazi kulikuwa uokozi au ukatili?

Wanaousifu mpango ule wana hoja nzito. Takriban watoto 10,000 waliingia Uingereza kati ya Desemba 1938 na kuanza kwa vita Septemba 1939. Marekani, yenye ardhi na mali zaidi, ilipelekewa muswada mwaka 1939 wa kupokea watoto 20,000, nao ukafia bungeni. Ukiwaweka wale 10,000 mbele ya sifuri hiyo, na ukikumbuka yaliyowapata watoto wa Kiyahudi waliobaki Ulaya, ni vigumu kusema treni zile hazikupaswa kuondoka. Wazazi wenyewe ndio waliowapeleka watoto stesheni, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lakini masharti yaliwekwa na serikali, na hapo ndipo sifa zinapopungua uzito. Watoto wangeingia ilimradi hazina haibebi gharama. Baadaye ikatakiwa dhamana ya pauni 50 kwa kila mtoto. Watu wazima walihofiwa kwamba wangegombania ajira na Waingereza. Mlango uliokuwa wazi kwa mzazi wa kawaida ulikuwa utumishi wa majumbani, nao ulikuwa mwembamba. Watoto wengi waliosafiri hawakuwaona tena wazazi wao.

Lore aliwaona, na namna alivyowapata ndiyo inayonisumbua zaidi. Akiwa kwenye kambi ya Dovercourt, majengo ya mapumziko ya kiangazi walimolazwa watoto katikati ya baridi kali, aliandika barua ya kuwaombea wazazi wake. Aliwafananisha Wayahudi waliobaki Austria na waridi lililofunikwa theluji. Barua zake zilisaidia kuwapatia viza. Mama akaajiriwa upishi, na baba, mtu wa vitabu vya hesabu, akawa mtumishi wa kuhudumia mezani. Walifika Machi 1939, siku binti yao alipotimiza miaka 11. Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama ushindi wa kalamu. Mimi naona nchi iliyomwachia mtoto kazi ya kuwaokoa watu wazima. Na yule ambaye hakujua kuandika vizuri je? Mwaka 1940 baba yake alikamatwa kama raia wa nchi adui na kuwekwa kizuizini katika Kisiwa cha Man. Afya yake iliharibika, akafariki vita vikikaribia kwisha.

Lore alilelewa na familia mbalimbali, matajiri na wafanyakazi, na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1964, kinazisimulia nyumba hizo bila kupamba. Walezi walikuwa wakarimu, lakini ukarimu ulidai shukrani, na mtoto anayeshukuru kutwa nzima huchoka. Hakuwafanya waovu, wala hakujifanya malaika. Ushuhuda wa namna hiyo naupa uzito kuliko hotuba za maadhimisho.

Hata kitabu chake cha watoto cha mwaka 1970 nakisoma hivyo. Humo msichana anamwamsha mdogo wake alfajiri, anamvisha nguo, wanateremka na kupanda teksi kwenda kwa bibi. Dereva anauliza anwani, msichana haijui. Wanarudi nyumbani. Watoto wametoka peke yao mlangoni, na wazazi bado wapo kitandani wakiwasubiri bila kujua.

Kuna wanaosema: tazameni alichokuja kuwa, basi mpango ulifaulu. Hoja hii naikataa kabisa. Angekuwa mfua nguo asiyeandika hata mstari mmoja, haki yake ya kuishi na kulelewa na mama yake ingekuwa ileile. Na hoja ya kwamba familia nzima zisingeweza kupokelewa inapungua nguvu ukitazama Kenya: mwandishi Stefanie Zweig, naye Myahudi, kutoka Ujerumani, alifika huko mwaka 1938 akiwa mdogo, akaishi na baba na mama yake shambani. Waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache, na baba yake naye alizuiliwa vita vilipoanza, lakini familia ilibaki moja.

Alf Dubs, mwanasiasa wa Uingereza aliyetoka Prague kwa treni kama hizo mwaka 1939, alipendekeza mwaka 2016 Uingereza ipokee watoto wakimbizi 3,000 waliokuwa peke yao Ulaya. Serikali ilikomea 480. Kisha akapigania haki ya watoto wa namna hiyo kuungana na jamaa zao walioko Uingereza. Januari 2020 Bunge la Makabwela liliiondoa ahadi hiyo katika sheria ya kujitoa Umoja wa Ulaya.