Mchanga wa Konark: utolewe au uachwe?

Katika hekalu la Jua la Konark, jimboni Odisha, mashariki mwa India, mlango unauona lakini huingii. Umezibwa kwa ukuta wa mawe, na nyuma yake ukumbi mzima ulijazwa mchanga. Kibao kilichopo hapo kinasema J. A. Bourdillon, aliyeitawala Bengal, jimbo lililojumuisha Odisha enzi hizo, kwa niaba ya Waingereza, ndiye aliyetoa amri hiyo mwaka 1903 ili jengo lihifadhike.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alijenga hekalu hili katikati ya karne ya 13 kwa umbo la gari la Surya, mungu wa jua: magurudumu 24 ya mawe, kila moja refu kuliko mtu, na farasi saba wa kulivuta. Mnara mkuu, unaokadiriwa kufikia mita 70, ulikwishaporomoka. Kipande chake cha mwisho kiliangushwa na dhoruba mwaka 1848. Ukumbi wa mbele, huo uliojazwa mchanga, wa mita 39 hivi, ndio uliosalia wima.

Wenyeji husimulia kwamba kileleni palikuwa na sumaku kubwa iliyopotosha dira za manahodha, wakaing'oa na mnara ukaanguka. Hadithi tamu. Ila chuma kweli kilikuwamo: waashi walipanga mawe bila chokaa, kila safu ikijitokeza kidogo kupita ya chini yake mpaka zikutane juu, wakayashika kwa vibano na mihimili ya chuma. Hewa ya chumvi ikishakila chuma, kutu huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani.

Wanaotaka mchanga uachwe wana hoja nzito. Jengo limeuegemea kwa zaidi ya miaka mia moja, na ukiutoa ghafla huenda ukaondoa tegemeo lenyewe. Tena, utaona nini? Mahekalu ya Odisha kwa kawaida huwa na kuta tupu ndani; urembo wote uko nje. Huko nje, upande wa kusini, yumo hata mnyama ambaye wengi humtambua kuwa twiga, na twiga hatoki India. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna haki ya kutabasamu hapo.

Hoja hiyo ya urembo naikubali. Ya tegemeo ndiyo nisiyoikubali. Mchanga huo umeshuka, ukaacha uwazi chini ya paa; kwa hiyo paa, lililokuwa chanzo cha hofu yote, halishikwi nao tena. Kuta nazo zinabeba mzigo ambao waashi hawakuupigia hesabu: jengo la namna hii husimama kwa uzito unaoshuka chini, si kwa kusukumwa kwenda nje. Aliyewahi kujaza kiroba mchanga anajua unavyotuna ubavuni. Na nyufa za kuta hizo hazikaguliki kwa ndani maadamu zimefunikwa.

Mimi ningeutoa, lakini kwa mwendo wa kinyonga: kwanza nguzo za chuma kisichoshika kutu zishike paa kupitia uwazi huo wa juu, kisha mchanga uteremshwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka likisubiri vipimo vya kuta. Kazi ikichukua miaka kumi, na iwe kumi. Mlango wa wageni unaweza kubaki umefungwa. Kwanza waingie wahandisi.