Hata wasio na kanuni ya imani huishia kuiandika

Mhubiri akisema "sisi hatuna kanuni ya imani, tuna Biblia tu", waumini hupiga makofi. Hoja yenyewe si ya kubezwa. Imani ya Mitume, ungamo fupi la kale la mambo ambayo kanisa linaamini, inatoka kuzaliwa kwa Yesu na kuruka hadi "akateswa zamani za Pontio Pilato". Mahubiri ya mlimani, wagonjwa walioponywa, amri ya kumpenda jirani, hakuna hata neno. Tena wafalme waliyageuza maungamo kuwa rungu: Athanasio, askofu wa Aleksandria na mtetezi wa imani iliyoandikwa na mtaguso wa maaskofu huko Nikea mwaka 325, alifukuzwa jimboni kwake mara tano.

Lakini tazama yaliyowapata Assemblies of God, Wapentekoste wa Marekani. Walipoungana Hot Springs, Arkansas, Aprili 1914, hawakutaka kabisa kuwa na kanuni ya imani. Punde baadhi ya wahubiri wao wakaanza kubatiza watu upya kwa jina la Yesu peke yake, kisha wakaukana Utatu. Pande zote zilishika Biblia ile ile, na zote zilikuwa na aya. Oktoba 1916, huko St. Louis, wakaandika tamko la imani, na wahudumu zaidi ya 150 wakajitoa. Haikufika hata miaka mitatu! Waliolazimika kuandika ndio hao hao waliokataa kwa moyo wote, na si kwamba walikuwa wameichoka Biblia. Walikuwa wakiisoma usiku na mchana. Ario naye, kasisi ambaye Nikea ilimhukumu kwa kukana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, karne nyingi kabla, alinukuu Maandiko.

Kwa hiyo tubishanie kwingine: nani aseme Biblia inafundisha nini, na msharika ampime kwa lipi? Ukiri usipoandikwa, hukaa kichwani mwa mchungaji. Siku akibadili mawazo, kanisa zima limebadilishwa bila kuulizwa. Ukiandikwa unamfunga na yeye. Mama aliyeujua kwa moyo tangu kipaimara anaweza kumwambia, "Mchungaji, hilo silo tunalokiri."

Kuna pingamizi zito zaidi. Afrika Kusini, Wakristo walioikiri Imani ya Mitume walitengana kwa rangi hata kwenye meza ya Bwana, na kanuni haikuwazuia. Hata hivyo, kanisa la Kireformed (la mapokeo ya Calvin) la waliobaguliwa halikuitupa. Mwaka 1986 lilipitisha Ungamo la Belhar, likikiri umoja wa kanisa na kukataa mafundisho yote yanayohalalisha utengano huo. Baadhi ya makanisa ya Kireformed ya Marekani nayo yamelipokea kuwa ungamo lao.