WordPress au kodi ya kuandika mwenyewe: tovuti itabaki na nani?

Ubishi wa watengeneza tovuti kuhusu WordPress, mfumo wa tayari wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, na kodi (maagizo ya kompyuta) iliyoandikwa kuanzia mwanzo mara nyingi huishia kwenye kasi. Huyu anajigamba kwamba atakabidhi kazi kwa siku mbili, yule anajibu kwamba tovuti yake itafunguka haraka zaidi. Wote wana hoja. Kinachonikera ni kwamba mteja, ambaye ndiye atakayeishi na tovuti hiyo kwa miaka, hatajwi kabisa.

WordPress ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Ni ya bure, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Wingi huo unamlinda mteja: wewe fundi ukiacha kazi au mkikosana, hatakosa mtu wa kuiendeleza. Anaweza pia kubadilisha bei au kuweka tangazo bila kukutafuta, nawe ukabaki na muda wa kazi inayohitaji utulivu. Anayehudumia wateja kadhaa anajua jinsi ujumbe wa “naomba unirekebishie hapo kidogo” unavyoweza kuila asubuhi nzima.

Gharama yake imejificha kwenye programu-jalizi, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa ili tovuti ifanye kazi zaidi. Chukua Contact Form 7, inayotumika sana kwa fomu za mawasiliano. Fungua ukurasa usio na fomu yoyote kwenye tovuti iliyoiweka, kisha angalia kwenye kivinjari orodha ya mafaili yanayopakuliwa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, utakuta faili lake la CSS (la mwonekano) na la JavaScript (la utendaji) yamo, ingawa hapo hayana kazi. Peke yake ni jambo dogo. Zikirundikana programu-jalizi ishirini za tabia hiyo, mwenye simu dhaifu anasubiri, na kile kipimo cha Google cha kutaka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 kinakuwa kigumu kufikiwa.

Kisha kuna matengenezo. PHP ndiyo lugha ambayo WordPress imeandikwa, na toleo lake la 7.4 liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Mwenye programu-jalizi iliyotelekezwa na aliyeiandika alibanwa pande zote: apandishe toleo na kurasa zivunjike, au abaki na toleo lisilolindwa tena.

Wanaoandika kodi wenyewe wanakwepa sehemu kubwa ya haya. Kurasa za HTML tupu, yaani mafaili ya ukurasa yaliyokwisha kuandikwa, hazina hifadhidata ya kuvamiwa wala mlango wa kuingilia ambao wahuni wanabahatisha nywila usiku kucha. Ila wasijidanganye kwamba hawategemei mtu. Machi 2016 mwandishi mmoja wa kodi aliondoa kwenye npm, ghala la mtandaoni la vipande vya kodi ambavyo wengine huvitumia, kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya kodi, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Baya zaidi kwa mteja ni kodi isiyo na maelezo: aliyeiandika akiondoka, anayempokea huona bora aanze upya, na mteja analipa mara ya pili kwa kitu alichokwisha kulipia.

Kwa maoni yangu, tovuti ambayo mwenyewe ataiandikia kila wiki iwe WordPress, yenye programu-jalizi chache ambazo kila moja unaweza kuitetea. Kurasa chache za biashara zinazobadilika mara moja kwa mwaka hazihitaji mzigo huo. Ziandikie kodi, uache na maelezo yake. Duka la mtandaoni ndilo linalonipa shaka, kwa sababu malipo na hesabu ya bidhaa ni kazi nzito kuandika peke yako, na kosa moja hapo ni fedha za watu. Hapo nakubali uzito wa mfumo uliopo tayari kuliko ujasiri wa fundi mmoja.

Vyovyote utakavyochagua, utunzaji uwe na bei yake kwenye mkataba. Uandike nani atasasisha na kila baada ya muda gani, nakala rudufu zitakaa wapi, na nani atashika nywila. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza, hata kama wewe ndiye unayelilipia.