Shemeji, Inua Upande Wako!

Katamarani ni chombo cha wavivu. Nasema hivyo kwa heshima, maana ni mmoja wao. Mitumbwi miwili myembamba, mihimili miwili ya kuiunganisha, turubai limewambwa katikati mtu ajilaze, mlingoti, tanga, basi. Sukani zake hukunjwa juu, kwa hiyo huelea hata penye maji ya magotini. Ukitaka kuipweleza unaielekeza nchi kavu tu, inapanda mchangani yenyewe.

Mchangani. Neno hilo ndilo shemeji yangu hakulisikia.

"Tupweleze pale kwenye kivuli," akasema, akinionyesha ufuko wa mawe matupu. Maji yalikuwa bado juu, mawe mengi yamefunikwa, pakapendeza machoni. Nami shemeji huyo simbishii. Ni kaka wa mke wangu, na mke wangu ana kumbukumbu nzuri sana. Tukaingia polepole, tukakunja sukani, tukakiacha chombo kikae kati ya majabali mawili kama kuku anayeatamia. Kisha tukajilaza kivulini, dakika tano tu.

Sasa, maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 hivi. Saa ya kwanza yanajivuta kidogo hata ukayadharau, halafu saa ya tatu na ya nne yanatimua mbio: nusu nzima ya maji huondoka katika saa hizo mbili. Sisi tulifika mwanzoni mwa saa ya tatu. Hesabu hiyo naijua miaka mingi, na siku ile pia niliijua, ila usingizini.

Tulipoamka bahari ilikuwa kule. Huku ilituachia mwani wa kuteleza, chaza wanaokata kama wembe, na chombo kimening'inia juu ya mawe, kimeinamia kushoto.

"Tukibebe," shemeji akasema. "Kijitabu kinasema kilo 145. Wewe 70, mimi 70."

Zile tano hakusema za nani.

Mimi nikaenda kulia, yeye kushoto. Moja, mbili, tatu! Upande wangu ukapanda mpaka kifuani, nikajiona baunsa. Upande wake haukutikisika.

"Shemeji, inua upande wako!"

"Nimeinua!"

"Umeinua nini, nyusi?"

Nikamweleza, kwa ule upole wa mtu mwenye nguvu, kwamba kazi ya kukaa kitini inalegeza mgongo. Akasema tubadilishane. Tukabadilishana. Moja, mbili, tatu! Safari hii upande wake ukapaa, wangu ukang'ang'ania jiwe utadhani umepigiliwa misumari.

"Shemeji," akaniambia, upole uleule, "inua upande wako."

Tulibadilishana mara nne. Kila aliyekwenda kushoto alirudi amezeeka. Ndipo katika kutikisa nikasikia ndani ya mtumbwi: chwaa, chwaa. Kule tezi, yaani nyuma ya chombo, kuna tundu la kutolea maji, lina kizibo cha kukaza kwa vidole, na kizibo cha kushoto kilikuwa kinacheza tangu asubuhi. Maji ya ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na humo mlikuwa na ndoo kadhaa.

"Asubuhi nani alikaza kizibo?" shemeji akauliza.

Nikamjibu kwamba upepo naona umeanza kubadilika.

Nikakifungua, nikakiweka juu ya jiwe bapa, mahali pa kuonekana, nisije nikakipoteza. Maji yakaanza kuchuruzika. Tukasimama kuyatazama kama wazazi wanaosubiri mtoto amalize kukojoa.

Chombo kikawa chepesi, na hapo ndipo akili zikatujia kwa wingi. Akili ya kwanza ilikuwa yake: yale maboya ya mpira ya kuning'iniza ubavuni tuyalaze chini kama magogo, chombo kipite juu. Boya la kwanza likaviringika vizuri, nusu mita. La pili likabanwa kati ya mawe, likachomoka kama kipande cha sabuni, likanikuta kwenye ugoko. Akili hiyo tukaifunga.

Ya pili ilikuwa yangu, na hadi leo naitetea. Kamba ya kubania tanga kubwa ina makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, yanayopunguza uzito mara 6. Unavuta mita 6 za kamba ili chombo kisogee mita 1. Nikayafungua, ncha moja nikaifunga kwenye mhimili, nyingine kwenye jiwe kubwa upande wa baharini. Tukavuta. Kamba ikakaza, makapi yakalia, kitu kikasogea.

"Kinakuja!" shemeji akapiga kelele.

Kweli kilikuwa kinakuja. Lilikuwa jiwe. Limeng'oka mahali pake, linatujia taratibu kama kobe aliyeitwa nyumbani.

Akatokea mzee mmoja na mshipi wake wa kuvulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chombo mnakipeleka wapi?"

"Baharini."

Akatazama chombo, akatazama jiwe kwenye kamba, akatazama bahari.

"Mnaifuata ya nini, na yenyewe inakuja?"

Akaenda zake.

Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka zamani. Tukakaa chini, kila mmoja na malengelenge yake, hatusemezani. Yakaja yakijivuta, kisha yakaja mbio vilevile yalivyoondoka. Chombo kikatikisika, omo, yaani mbele yake, ikanyanyuka, kikaelea chenyewe bila mtu kuinua upande wowote. Shemeji akarukia turubai, furaha tupu.

"Haya, funga kizibo twende!"

"Nimekiweka mahali pa kuonekana."

"Wapi?"

"Juu ya jiwe."

Akageuka kulia, akageuka kushoto. Maji yalikuwa yananifika kiunoni.

"Jiwe gani?"

Kabla sijamjibu, mtumbwi wa kushoto ukasema chwaa.