Uhindu: dini moja, au jina moja juu ya dini nyingi?

Mwaka 1948 watu wa Ahmedabad, magharibi mwa India, wafuasi wa mwalimu wa dini aliyeitwa Swaminarayan, walikwenda kortini na dai la ajabu: sisi si Wahindu. Walisema hivyo watu wanaomtukuza mungu Krishna, wanaochoma maiti zao na kuamini kuzaliwa upya. Kilichowasukuma kilikuwa mlango wa hekalu. Sheria mpya ya jimbo la Bombay iliwaruhusu Wadalit, watu waliohesabiwa najisi kwa karne nyingi, kuingia katika mahekalu ya Wahindu. Kama hekalu si la Wahindu, basi sheria hailigusi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, na Januari 1966 majaji wakaamua: ninyi ni Wahindu, fungueni.

Lakini kabla ya kufika hapo walilazimika kueleza Mhindu ni nani, na kazi ikawa ngumu. Hana mtume mmoja. Hafungwi na itikadi moja, haabudu mungu mmoja tu, ibada zake hazifanani kila mahali. Mwishowe wakaona kwamba Uhindu, ukiutazama kwa upana, ni namna ya kuishi.

Jibu hilo huwapa nguvu wanaosema hapa hakuna dini moja. Hoja yao ya kwanza ni jina lenyewe. Sindhu ni mto. Waajemi, waliotamka h mahali penye s, wakaigeuza Hindu, na jina likawa la nchi ya mto huo na watu wake. Karne nyingi baadaye zikaja sensa za Waingereza, kuanzia miaka ya 1870, ambazo zilitaka kila mtu awe na dini moja inayoandikika. Mwabudu Shiva, mwabudu Vishnu, mwabudu Mungu wa kike na anayeamini kwamba nafsi yake na Uhalisi wa mwisho ni kitu kimoja, wote wakatiwa kapu moja. Hata Kiswahili cha pwani hakikuwa na haraka ya kuwajumlisha waliotoka India: kulikuwa na Baniani, Khoja, Bohora, Kalasinga, Mgoa. Aliyesema Baniani mbaya kiatu chake dawa alikuwa akimfikiria mwenye duka, wala hakuuliza anaamini nini. Na wengi wetu bado tunachanganya Mhindi, wa nchi, na Mhindu, wa dini.

Hoja hiyo ina uzito, ila inaruka hatua. Jina kutoka nje halithibitishi kwamba kinachoitwa hakikuwepo. Kabir, mfumaji wa Banaras katika karne ya 15, aliwakejeli Mhindu na Mturuki (yaani Mwislamu) kwa pumzi moja, na wakati huo hapakuwa na karani wa Kiingereza hata mmoja India. Hadithi ya Rama na Sita inasimuliwa Nepal, inaimbwa Tamil Nadu, inachezwa Bali. Dharma, wajibu wa mtu kwa nafasi yake. Karma, matendo yanayomfuata mtendaji hadi maisha mengine. Moksha, kutoka kabisa katika mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa: madhehebu yanabishana vikali juu ya mambo haya, lakini ni mabishano ya watu wa nyumba moja. Nao wingi wa miungu ulishajibiwa na Rigveda, mkusanyo wa kale wa tenzi takatifu, takriban miaka 3,000 iliyopita: kilichopo ni kimoja, wenye hekima hukitaja kwa namna nyingi.

Kuhusu chimbuko, ugomvi ni wa kisiasa kuliko unavyoonekana. Harappa na Mohenjo-daro, miji ya kale ya bonde la mto Sindhu, zilistawi takriban 2600 hadi 1900 KK, na muhuri mmoja wa huko una kiumbe mwenye pembe aliyekaa kama mtu wa yoga. Wako wanaomwona Shiva. Maandishi ya watu hao hayajasomeka, kwa hiyo kila mtu anaona atakacho. Kisanskriti cha Veda, yaani cha Rigveda na maandiko wenzake, nacho ni ndugu wa Kiajemi na Kigiriki, na ushahidi wa lugha na wa DNA unaelekeza kwa wahamiaji kutoka nyika za kaskazini. Wazalendo wa Kihindu hawapendi kulisikia hilo, maana anayewaita wengine wageni hataki babu yake naye awe alihamia.

Mimi naegemea upande wa umoja. Udhaifu wake ni kwamba wanaouhubiri mara nyingi hawaulizi kama kila mtu anataka kuhesabiwa ndani. B. R. Ambedkar, Mdalit aliyeongoza uandishi wa katiba ya India, alitangaza mwaka 1935 kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Oktoba 1956, mjini Nagpur, akawa Mbudha pamoja na watu laki kadhaa. Ila mwaka mmoja nyuma bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ndoa ya Wahindu, tunda la muswada alioupigania mwenyewe akiwa waziri wa sheria. Na sheria hiyo, kwa mambo ya ndoa, inamweka Mbudha pamoja na Wahindu.