Mwanaume naye apimwe, tena apimwe kwanza

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kliniki nasubiri kuitwa kutoa damu. Pembeni yangu alikaa dada mmoja, sidhani kama kafika miaka 30, amekumbatia bahasha kubwa ya kaki, zile za picha za eksirei. Simu yake ikaita. Alipokea kwa sauti ya chini, lakini benchi lile ni fupi na mtu wa upande wa pili alikuwa anafoka. "Mimi nipimwe nini? Mimi nina mtoto Morogoro. Wewe maliza vipimo vyako." Dada akajibu, "Haya, sawa," akakata, akaigeuza ile bahasha maandishi yakaangalia chini. Sikumuuliza kitu. Nilijua kilichomo. Ni picha ya mirija ya uzazi, ile anayopigwa mwanamke asiyepata mimba, ambayo unalala chali kwenye meza ya baridi, dawa inasukumwa kwenye kizazi, unang'ata khanga mpaka iishe.

Tangu siku hiyo sina raha, ndiyo maana naandika.

Mimi nilipigwa picha hiyo mara mbili. Mwaka 2019 mirija ikaonekana iko wazi. Mwaka 2021 nikarudishwa mezani kwa sababu daktari mwingine hakuiamini ile ya kwanza, na mirija ikaonekana iko wazi vilevile. Katikati hapo nilimeza vidonge vya kupevusha mayai miezi sita, nikakandwa tumbo Handeni na bibi ambaye kila mtu alimsifia, nikanywa mizizi ya "kusafisha kizazi" iliyoniharisha siku nne mfululizo. Mume wangu alikuwa nami kote huko. Alilipa, alinisubiri nje, alinibeba mgongoni siku ile ya mizizi. Ni mtu mwema na simsemi vibaya. Lakini katika miaka yote minne hakuna daktari, nesi, mganga wala ndugu aliyemwambia atoe mbegu zake zikaangaliwe, na mimi mwenyewe sikuthubutu kulitamka. Zilipokuja kuangaliwa, mwaka wa tano, zilikuwa milioni 3 kwa mililita. Kiwango cha chini kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni milioni 16.

Kipimo hicho tulikilipia shilingi 30,000. Hakina sindano, hakina meza ya baridi, na majibu tulipewa siku hiyohiyo mchana.

Sasa nielezeni. Kuna kipimo rahisi, cha bei nafuu, kisichouma hata chembe, kinachoweza kutoa nusu ya jibu ndani ya siku moja. Na kuna kipimo ghali, kinachouma, kinachoweza hata kusababisha maambukizi ya kizazi. Kwa nini tunaanza na hicho cha pili? Shirika hilohilo la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani anapitia tatizo la kutopata mimba katika maisha yake. Na wataalamu wa mambo haya wanajua siku nyingi kwamba upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na wa mwanamke, unachangia karibu nusu ya matatizo hayo. Nusu! Nendeni kwenye korido ya kliniki yoyote mkahesabu wanaume waliokaa. Sisi Jumanne tulikuwa wanawake 14 na baba mmoja.

Na huyu mwenye mtoto Morogoro nataka nimjibu kwa utaratibu, maana hoja yake naisikia kila mahali. Mtoto wa Morogoro ni ushahidi wa mbegu za mwaka ule alipotungwa, si za leo. Sisi wanawake tunazaliwa na mayai yetu yote. Mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na mbegu moja inachukua takriban siku 74 mpaka itengenezwe, kisha siku nyingine za kukomaa na kusafiri. Piga hesabu ya karibu miezi mitatu. Maana yake, kikombe anachokabidhi maabara asubuhi ile mkewe anapovunwa mayai ili yarutubishwe maabara kimebeba habari za maisha yake ya miezi mitatu iliyopita: alichokunywa, alichovuta, alichojichoma, na homa aliyougua.

Homa hiyo ndiyo iliyonifundisha. Mzunguko wetu wa kwanza wa IVF, yaani kurutubisha mayai maabara kisha kupandikiza, ulikuwa mwezi wa tatu. Nilipewa karatasi mbili, mbele na nyuma, za maandalizi: AMH kuona akiba ya mayai, tezi ya shingo, homoni ya maziwa, rubela, VVU, homa ya ini, kaswende, altrasaundi siku ya pili ya hedhi, foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, nipunguze uzito kilo tano. Nilifuata kila mstari. Chini kabisa ya karatasi ya pili palikuwa na mstari mmoja wa mume. Nimeutunza mpaka leo. Unasema: "Mume afike siku ya kutoa mbegu."

Mwezi wa kwanza alikuwa ameugua malaria, siku tatu joto halishuki, kitanda kinaloa jasho. Homa kali ya namna hiyo inaweza kushusha mbegu na ubora wake kwa wiki nyingi baadaye, hata miezi miwili mitatu. Hakuna aliyetuuliza. Nilichoma sindano za tumbo za kukuza mayai siku 11, zikiwa zimepangwa kwenye mlango wa friji karibu na maziwa. Nikachoma ile ya mwisho saa tano usiku kamili, kwa saa ya ukutani, kwa sababu mayai lazima yavunwe saa 36 baadaye. Yakavunwa mayai 9. Yaliyorutubishwa ni 2. Kiinitete kilichofaa kupandikizwa kilikuwa kimoja. Siku ya 14 nikaambiwa pole.

Sisemi malaria ndiyo iliyotunyima mtoto, hakuna anayeweza kuniambia hilo kwa hakika. Nasema tungeulizwa swali moja tu, tungesubiri mpaka mwezi wa tano, na milioni zetu 14 zisingekwenda kwenye mwezi mbaya.

Najua nitaambiwa habari ya ICSI. Ni kweli, tangu 1992 watoto wanazaliwa kwa njia hiyo, mbegu moja inachukuliwa kwa sindano na kuingizwa ndani ya yai, hivyo hata mwanaume mwenye mbegu chache sana anaweza kupata mtoto. Nashukuru ipo, sisi wenyewe ndiyo tuliyofanyiwa. Lakini hiyo mbegu moja lazima itoke mahali, na ikiwa zote zimechoka, aliyeshika sindano anachagua kati ya zilizochoka. Mtaniambia pia kwamba umri wa mwanamke ndio unaobeba uzito kuliko vyote, kwamba kuanzia 35 hivi mayai yanapungua kwa kasi. Nalikubali hilo huku linaniuma, kwa sababu nilianza kutafuta mtoto nikiwa na miaka 31. Miaka minne ya mirija na mizizi ndiyo iliyonifikisha 35. Asiyempima mwanaume mapema anakula mayai ya mwanamke.

Mambo yenyewe anayotakiwa mwanaume si makubwa. Apunguze pombe, aache sigara. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi kuliko tumbo, kwa hiyo mwokaji wa mikate, mchomeleaji, na anayeweka kompyuta mapajani usiku kucha wamwambie daktari. Kama kuna mishipa iliyovimba kwenye korodani, inaonekana kwa kupimwa na mara nyingine hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Na vijana wa jimu, nawaomba sana. Mtoto wa mama yangu mdogo alichoma testosteroni miezi minane atanue kifua. Ubongo ukiona homoni hiyo inatoka nje, unaziamuru korodani zipumzike. Alipokwenda kupima baada ya kuoa, hesabu ilikuwa sifuri. Alikaa kwenye gari langu nje ya maabara akalia, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba mara nyingi zinarudi ukiacha, ila zinarudi polepole.

Jambo jingine nitaliweka kwa kifupi: wote wawili mpime sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya chochote, hasa sisi wa nchi hii. Na dawa za mizizi mzitaje kwa daktari, msione aibu.

Lakini nisiwe mbaya kwa wanaume peke yao. Kliniki nazo zinawafukuza. Siku mume wangu alipokwenda kupima mara ya kwanza alipewa kikombe na kuelekezwa choo cha wagonjwa wote, kitasa kibovu, nje watu wamepanga foleni na mama mmoja anagonga ana mtoto wa kumsafisha. Alitoka baada ya dakika 20 shati limelowa, kikombe kitupu, hakunitazama usoni. Tukaambiwa basi tulete kutoka nyumbani, kifike ndani ya saa moja, kisipate baridi wala jua. Kesho yake nilikiweka kifuani, ndani ya sidiria, nikajifunga khanga juu, nikapanda bajaji kutoka Tabata. Foleni ya Buguruni haikusogea. Nilikuwa nimekishika kwa mkono juu ya khanga kama mtu anayeumwa moyo, naangalia saa. Tulifika dakika ya 47. Kliniki inayochukua mamilioni ya watu haishindwi kutenga chumba kimoja chenye ufunguo, kiti na sinki. Na haishindwi kuandika karatasi ya mume yenye urefu sawa na ya mke, wala kukataa kumlaza mwanamke kwenye meza ya picha kabla majibu ya mumewe hayajasomwa.

Majibu yetu yalipotoka, mume wangu alisafiri nami hadi Tanga kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kumtajia binti wa kuoa mke wa pili. Tulikaa ukumbini, chai haijaletwa bado, akasema, "Mama, si mwenzangu. Ni mimi." Mama hakusema neno. Akanyanyuka, akaenda uani, akarudi na birika na beseni, na katika miaka yote niliyoingia nyumba ile ndiyo mara ya kwanza mama mkwe kuninawisha mikono kwa mkono wake.

Yule dada wa Jumanne nilimpa namba yangu kabla hajaitwa ndani. Hajapiga.

Sisi tunajiandaa na mzunguko wa pili. Safari hii hesabu imeanza kwake, siku 90, kalenda iko ukutani jikoni na anaikata mwenyewe kwa kalamu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Leo ni siku ya 52. Chandarua tumebadilisha. Cha zamani kilikuwa na tundu upande wa miguu yake.